Kifua Kimoja, Sura Kumi na Tisa

Saa moja kasoro robo asubuhi, mlango wa pembeni wa ukumbi unasukumwa kwa bega, maana kitasa chake kimegoma tangu mwaka jana, na mwanamke mwenye ndoo mbili anaingia akitanguliza mgongo. Ndoo moja ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu. Begani ana vitambaa vitatu vilivyokatwa kutoka kwenye shuka kuukuu. Anaweka ndoo chini, ananyoosha kiuno, kisha anausalimia ukuta.

"Hamjambo," anasema. "Mmelalaje?"

Ukutani kuna fremu mia moja na kumi na nane, safu tatu, kila moja na namba yake. Ni za askari waliokwenda vitani miaka arobaini na mitatu iliyopita na hawakurudi.

"Usidhani wananijibu," anamwambia mwandishi wa habari hii huku akikamua kitambaa. "Ila ukipita bila kusalimia utajiona huna adabu siku nzima."

Wanafunzi wanaoletwa kutembelea ukumbi huu wanamwita Mama Vumbi, na jina hilo limemganda. Ana miaka hamsini na minne. Amefanya usafi hapa kwa miaka kumi na minne, na bado ni kibarua, hana barua ya ajira. Kitambaa chenye unyevu ni cha mbao, kikavu ni cha kioo, na pembe nne za fremu husafishwa kwa kidole kilichoviringishwa kitambaa, kwa sababu, anavyosema, vumbi ni kama mgeni mvivu, hupenda kukaa pembeni. Siku za kawaida, saa tatu wageni wanapoanza kuingia, ukuta mzima huwa umeshaoga.

Fremu sita kati ya hizo zilikuwa tupu. Nyuma ya kioo palikuwa na kadi ya kijivu, jina na namba, basi. Hao ni askari ambao familia zao hazikuwa na picha hata moja ya kuleta. Namba 71 ilikuwa mojawapo, na namba 71 ni kaka yake Mama Vumbi, wa tumbo moja.

"Miaka kumi na minne nilikuwa nasalimia kadi," anasema. "Nilikwisha kuzoea."

Kilichomtokea wiki tano zilizopita si cha kuzoeleka. Mtu wa kwanza kukisikia, fundi wa rangi aliyekuwa juu ya ngazi, alimwambia atoke nje apunge hewa, kwamba harufu ya rangi imempanda kichwani.

Ukumbi ulikuwa umefungwa ili upakwe rangi. Kamati inayousimamia ilikuwa imetoa agizo kwa maandishi, likabandikwa mlangoni: siku ya kufunguliwa upya, fremu tupu hazitarudishwa ukutani. Zinaharibu mwonekano, lilisema agizo. Majina ya askari hao sita yataandikwa kwenye daftari litakalokaa mezani. Familia yenye picha iilete kabla ya siku hiyo.

Mama Vumbi alilisoma mara tatu. Nyumbani ana mama mzazi wa miaka themanini na miwili, ambaye kila mwaka huletwa ukumbini akaketishwa kwenye kiti mbele ya namba 71, akaiangalia kadi kwa saa nzima. Angeanzaje kumwambia kwamba hata kadi inaondolewa? Akaendelea na kazi. Faili la kaka yake kikosini, aliambiwa zamani, liliharibiwa na maji. Nyumbani hapakuwa na picha. Mlango gani tena angebisha?

Kazi aliyopewa siku hiyo ilikuwa kuteremsha fremu zote na kuziegemeza chini, kwenye chumba cha nyuma, safu kwa safu. Rangi ilikuwa ikidondoka. Akachukua mashuka mawili, akayatandaza kwa juu, yakafunika sura za askari kuanzia utosini hadi kidevuni.

"Sikupenda rangi iwaingie machoni," anasema.

Akarudi nyuma hatua mbili kuona kama shuka limekaa sawa. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ujengwe, mtu aliwaona askari wale bila sura zao, vifua tu vimejipanga ubavu kwa ubavu.

Kwanza aliona saa. Askari mmoja alikuwa amevaa saa ya mkononi, mkono wa kushoto, mishale yake ikionyesha saa nne na dakika ishirini. Wa pembeni yake naye saa nne na dakika ishirini. Akasogea. Mwingine tena. Mikono ile ile imeshika mkanda kwa namna ile ile, mkunjo ule ule kwenye kiwiko. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Walikuwa kumi na tisa. Askari kumi na tisa, wa namba mbalimbali, wa familia mbalimbali, wana kifua kimoja.

"Nilidhani nimechanganyikiwa," anasema. "Nikafunua shuka, sura ni tofauti. Nikafunika, ni mtu mmoja. Nikafunua tena. Jamani, hawa nimewaosha miaka kumi na minne, mmoja mmoja, na sikuona."

Asingeona. Ukutani walikuwa wametawanyika, huyu juu, yule chini, na mtu akiangalia picha ya mtu huangalia macho.

Kisha akaona mfuko.

Mfuko wa kifua, upande wa kushoto, ulikuwa umekunjamana pembeni kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Kifungo chake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweupe. Akakaa juu ya ndoo.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja siku kaka yake alipokuja kuaga. Kifungo cha shati la sare kilikuwa kimelegea, na yeye alikuwa amejifunza kushona mwezi uleule, anajiona fundi. Uzi wa kijani haukuwepo, akatumia mweupe. Akashona kwa bidii zote, akapitisha sindano kifuniko, mfuko na shati, vyote kwa pamoja. Mfuko ukafungwa moja kwa moja, hata kidole hakipiti.

Kaka yake alijaribu kuufungua, akacheka mpaka akashika ukuta. Mama yao akasema afande akiona mshono ule atamfumua yeye mwenyewe. Msichana akataka kuurekebisha, kaka akamzuia. "Uache hivyo hivyo. Nikirudi utaufumua wewe."

"Hakuna sare nyingine duniani yenye mfuko ule," anasema Mama Vumbi. "Yule mjinga aliyeushona ni mimi."

Fundi wa rangi alimletea maji. Alimkuta amekumbatia fremu namba 34, ya mtu asiye ndugu yake, akiita, "Kaka. Kaka."

*

Nyuma ya picha zote kumi na tisa palikuwa na muhuri wa studio moja, na studio ile bado ipo. Iko kwenye kona, karibu na kituo cha mabasi, na siku hizi binti wa mwenyewe ndiye anayepiga picha za pasipoti kwa kamera ndogo ya kisasa. Mwenyewe hukaa nyuma ya pazia, kwenye kiti cha plastiki, akiwa na redio. Watu humwita Mzee Tulia, kwa kuwa kila mteja wake aliwahi kuambiwa, "Tulia hapo hapo." Ana miaka sabini na minane. Mama Vumbi alifika kwake akiwa bado na aproni ya kazi.

Hakumficha. Labda uzee umemwondolea nguvu za kuficha, labda aliona mambo yamekwisha kuharibika.

"Kamati ile ya kwanza, wakati ukumbi unajengwa, ilisema picha lazima iwe ya sare," alimweleza, kama alivyomweleza mwandishi baadaye. "Sasa watu wakaja hapa wanalia. Huyu ana picha ya mwanawe ya shuleni. Huyu ana ya harusi, kichwa kama punje ya mchele. Mimi ningewaambia nini? Nikawavalisha. Nilikuwa nawasaidia."

Kuwavalisha, katika kazi yake, kulikuwa kuchukua sura ya mtu kutoka picha moja na kuiweka juu ya kiwiliwili cha mwingine, kisha kufuta kiungo cha shingo kwa penseli na brashi nyembamba mpaka jicho lisione. Alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote. Mabwana harusi aliwavalisha suti, wahitimu aliwavalisha majoho. Alihitaji sare moja nzuri, ya mtu aliyesimama vizuri, na alikuwa nayo dawatini.

Akainuka, akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa. Juu yake palikuwa pameandikwa neno moja kwa kalamu ya wino: Kiwiliwili.

Ndani ya bahasha mlikuwa na negativu, ule utando wa plastiki unaotoa picha, wa ukubwa wa kiganja. Mama Vumbi akaushika kwenye mwanga wa dirisha. Mabega yalikuwepo. Saa, ambayo ilikuwa mali ya studio na kila mteja aliivaa, ilikuwepo. Mfuko ulikuwepo. Juu ya kola hapakuwa na kitu. Utando wenyewe ulikuwa umekatwa kwa wembe, umefuata shingo sawasawa, kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi.

"Kichwa kiko wapi?" akauliza.

"Nilikata. Kilikuwa kinanisumbua kwenye kuchapa, kila mara nakiziba kwa karatasi. Nikakikata."

"Ukakiweka wapi?"

Mzee Tulia alitazama sakafu. "Kilikuwa kipande cha ukucha, mama. Kilikwenda na takataka."

"Ulimkata kaka yangu shingo."

"Nilikata picha."

"Mzee wangu, ulimkata kaka yangu shingo."

Binti alizima redio. Mzee akaenda kwenye rafu, akashusha daftari la wateja la mwaka ule, akalifungua, akashusha kidole mpaka akapata mstari. Jina la kaka yake lilikuwepo, kamili, na tarehe ya siku aliyoondoka. Kumbe alipita studio akienda kupanda gari la jeshi, na nyumbani hakuna aliyejua. Pembeni mpiga picha aliandika: Ataichukua akirudi.

"Nilikaa nayo miaka ishirini na miwili," alisema Mzee Tulia. "Hakuna aliyekuja. Nikajua hana mtu."

Neno hilo, hana mtu, lilimchoma Mama Vumbi kuliko wembe wenyewe. Nyumba yao iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye kona ile. Mama yake amepita mbele ya studio hiyo akienda sokoni maisha yake yote.

Mzee, kwa kutaka kutengeneza, akavuta karatasi na penseli. Mkono bado anao, alisema. Amwelezee tu kaka yake alivyokuwa, pua, midomo, macho yalivyokaa, naye atachora sura na kuiweka mahali pake, na kamati haitajua.

Mama Vumbi akafungua kinywa kueleza. Hakikutoka kitu.

Hapa, alipokuwa akimsimulia mwandishi, aliacha kufuta kioo.

"Sikuikumbuka," anasema. "Wewe mwanangu unasikia? Miaka arobaini na mitatu nawaambia watu kaka yangu namwona kama jana. Nakumbuka kicheko. Nakumbuka ule mkono ulioshika ukuta. Nakumbuka shati kuliko ninavyokumbuka nguo niliyovaa leo. Nikaitafuta sura, haipo. Sijui ilinitoka lini. Pale studio ndipo nilipojua kwamba Mzee Tulia alitupa kipande, na mimi nilitupa changu."

Akamwambia mzee aweke penseli chini. Sura za kupachika zilikwisha kutosha. Alichotaka ni picha ichapwe kama ilivyo, kiwiliwili, na juu yake weupe. Mzee Tulia aliichapa kesho yake, na siku hiyo, anasema binti yake, hakula.

*

Katibu wa kamati ni mwalimu mstaafu, mtu wa haki, ila kanuni kwake ni kama fimbo kwa kipofu, hapigi hatua bila hiyo. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kwanza kwa miwani, kisha bila miwani.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini picha ni sura. Siwezi kutundika shati."

Akamwambia jambo la pili kwa sauti ya chini. Akiitundika, watu watauliza. Wakiuliza, familia kumi na tisa zitajua kwamba wanachokililia si chao. Je, yuko tayari kubeba hilo? Kwa namba moja, aondoe usingizi kwa watu kumi na tisa? Afikirie. Na zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Alifikiri siku nne. Anakiri kwamba alikaribia kukubali. Hakuwa na ubavu wa kugombana na kamati, na kibarua cha siku huondolewa kwa neno moja. Zaidi ya hapo, aliwaonea huruma wenzake. Ni yeye anayewaona wakija, wakigusa kioo kwa ncha za vidole, wakijipangusa machozi kwa haraka asije mtu akawaona.

Aliyemtoa kwenye mashaka ni mjane wa namba 34. Marehemu mumewe alijulikana mtaa mzima kwa jina la Fupi, na ukimwona mjane mwenyewe, mrefu, mpana wa kutosha, unaelewa kwa nini watu walikuwa wakiwatania. Hajakosa mwezi hata mmoja kuja ukumbini. Mwezi huu alikuta pamefungwa, akapita mlango wa nyuma, akakuta fremu zimeegemezwa chini.

Mama Vumbi alianza kumzungukazunguka kwa maneno, hali ya hewa, magoti, bei ya sabuni. Mwishoni akaona kuzunguka hakusaidii, akamwambia. Akangoja kilio.

Mjane aliiangalia picha ya mumewe, kisha akaanza kutikisika mabega. Ilimchukua Mama Vumbi muda kutambua kwamba anacheka.

"Dada, mimi nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Toka siku ya ufunguzi. Fupi wangu nilikuwa nikimkumbatia, mikono inazunguka na bado najishika viwiko. Huyu hapa mlangoni anapita ubavu ubavu. Nikasema, eh, mume wangu amekufa, akanenepa."

"Miaka ishirini na moja! Mbona hukusema?"

Kicheko kikamwisha. "Niseme kwa nani? Niliona ni aibu yangu mimi. Nilidhani wenzangu wote walileta picha za kweli, mimi peke yangu ndiye niliyedanganya wafu. Nikaogopa nikisema watamshusha."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hawa walikuwa wameuficha kwa pamoja bila kuambiana. Jioni hiyo hiyo wanawake hao wawili walianza kupita nyumba kwa nyumba. Kati ya familia kumi na tisa, kumi na nne walijua au walishuku. Mama mmoja alijua kwa sababu mwanawe hakuwa na mabega yaliyolingana. Dada mmoja alijua kwa sababu kaka yake alikuwa wa mkono wa kushoto na asingevaa saa huko. Kila mmoja alidhani ni yeye tu. Kila mmoja, alipoambiwa idadi, alipigwa na butwaa, kisha akauliza swali lile lile: huyu mwenye kifua ni nani?

Nyumba moja iliwafungia mlango. Na nyumba ya namba 88 iliwaumiza.

Namba 88 aliacha mtoto tumboni. Mtoto huyo leo ni mwanaume wa miaka arobaini na miwili, fundi wa kuchomelea vyuma, kifua kama pipa. Aliwasikiliza akiwa amesimama, miwani ya kazi bado ipo kichwani.

"Nilipokuwa kijana nilikuwa nakuja pale napima mabega yangu na yake kwenye kioo," alisema. "Mama alikuwa ananiambia, unaona, umechukua kwa baba yako."

Aliwasha mashine yake, cheche zikaruka, wakaondoka bila kuaga. Mama Vumbi alirudi nyumbani akijilaumu njia nzima. Huyo mtu alikuwa na baba asubuhi, jioni hana, na aliyemnyang'anya ni yeye.

*

Kikao cha kamati kilifanyika siku kumi kabla ya ufunguzi, kwenye chumba kile kile cha nyuma chenye harufu ya rangi. Kwa kawaida huja watu saba. Siku hiyo viti viliisha, wengine wakasimama hadi nje. Mzee Tulia aliletwa na bintiye, akaketi karibu na mlango kama mtu anayengoja kuitwa.

Katibu alisoma kanuni. Fremu isiyo na sura hairudi ukutani. Alisema anaelewa uchungu, lakini ukumbi ni wa wote na hauwezi kuendeshwa kwa huruma. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Mama Vumbi alisimama. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, na yote yakamkimbia. Alishika aproni, akasema, "Mimi si msemaji. Kaka yangu mmemtundika mara kumi na tisa. Naomba mumtundike na ya ishirini, kwenye jina lake." Akakaa.

Katibu aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake.

Ndipo mchomelea vyuma, ambaye hakuna aliyemwona akiingia, alipopita katikati ya watu hadi zilipoegemezwa fremu. Aliiinua namba 88 kwa mikono miwili, akaibeba hadi kwenye meza ya kamati, akailaza kifudifudi mbele ya katibu.

"Mkimtoa yule, mtoeni na baba yangu," alisema. "Yule ndiye aliyembeba."

Mjane wa Fupi akafuata na ya kwake. Kisha mama wa mabega. Kisha wengine, hakuna aliyezungumza, zilisikika tu mbao zikigusa meza. Fremu zilipofika kumi na nane, moja juu ya nyingine, katibu hakuonekana tena alikokaa. Alisimama. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

Uamuzi uliandikwa kwa mistari mitatu. Fremu zote sita zilizokuwa tupu zinarudi ukutani. Namba 71 itawekwa picha iliyopatikana, kama ilivyo. Chini ya zile kumi na tisa, wanaotaka wataongezewa kadi ndogo itakayosema sura ni ya nani na kiwiliwili ni cha nani. Hadi sasa waliotaka ni kumi na saba. Kadi anaziandika Mzee Tulia kwa mkono wake, na hataki kusaidiwa.

Mwandishi alimuuliza kama anajuta. Aliweka kalamu chini.

"Nilikuwa nawasaidia," alisema tena, lakini safari hii kama mtu anayeuliza.

*

Lilibaki moja. Mama.

Bibi huyu hakuwahi kukubali msiba wa mwanawe. Ilipoletwa barua ya jeshi, majirani walikuja kukaa naye, akawarudisha makwao. Aliwauliza mwili uko wapi, na walipokosa jibu aliwaambia msiba bila mwili ni umbea. Hakulia mbele ya mtu. Watoto walikatazwa kulia. Miaka arobaini na mitatu nyumba ile imekaa hivyo, haina msiba na haina mtu.

Mama Vumbi alifunga picha kwenye taulo, akaipeleka nyumbani mchana, akaiweka mapajani mwa mama yake. Alishaamua kusema ukweli wote, hata ule wa wembe, hata ule wa yeye kusahau sura.

Bibi alitazama. Alipitisha kidole kwenye mabega, akashuka mikononi, akapanda mpaka kwenye kola, akaishia hapo.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kilikatwa, mama. Mpiga picha alikikata, zamani, ili awape wengine mwili."

"Wengine wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Na wao walikuwa na nini?"

"Sura tu."

Bibi alishusha kidole mpaka kwenye mfuko uliokunjamana. Hakuuliza kosa la nani.

"Basi wenzangu walipewa sura bila mwili," alisema, "na mimi nimepewa mwili bila sura. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudishiwa mtu mzima."

Kisha akamwomba binti yake afunge mlango, akalia. Mama Vumbi hakuwahi kuisikia sauti ile ya mama yake. Anasema iliwashtua hata kuku uani.

Ufunguzi ni Jumamosi. Bibi ataletwa na kiti chake, kama kila mwaka, ila safari hii ameagiza kwamba wakitoka ukumbini, viti vitolewe nje ya nyumba, majirani waambiwe waje, na wakae siku tatu. Wengi wa majirani aliowarudisha wamekwisha kufa. Watakuja watoto wao. Familia za askari wale kumi na tisa zimesema zitakuja zote, hata ile iliyofunga mlango imetuma mtu kuulizia saa.

Kwa hiyo juzi Mama Vumbi, ambaye katika miaka kumi na minne hajawahi kuomba ruhusa, alijaza fomu. Aliandika jina, siku tatu, sababu, msiba. Uhusiano na marehemu, kaka. Akaikabidhi, akasimama akingoja, mikono ikinuka sabuni.

Katibu aliipitia mstari kwa mstari, akagota kwa kalamu sehemu moja.

"Hapa hujajaza, mama. Tarehe ya kifo."

"Mwalimu, sijui niandike ipi."

Katibu, mtu wa kanuni, aliitazama fomu, akamtazama yeye. Akaivuta karibu, akaandika mwenyewe tarehe ya Jumamosi hii, akatia saini.